JE, GARI LILILOTENGENEZWA KWETU LITAPATA WANUNUZI?

Maandishi haya ni yale yale yaliyosomwa redioni. Ambaye hakuwahi kuandika neno fulani asihangaike, atalisoma hapa pole pole, hata akitumia kidole.

Leo tutazungumza juu ya magari. Wazee wetu waliyaita motakaa, na baadhi yao bado wanayaita hivyo. Hatutajifunza kuyaendesha wala kuyatengeneza. Twataka kujibu swali la biashara: je, kiwanda cha magari kilicho chetu wenyewe, hapa Afrika ya Mashariki, chaweza kuuza magari yake na kuishi, hali soko limejaa magari ya Japani, ya China na ya India?

Mwalimu, andika ubaoni maneno haya matatu kwa herufi kubwa: KUTENGENEZA, KUUNGANISHA, VIPURI. Tutayahitaji.

Nenda siku moja ukasimame kwenye njia panda ya Makambako, mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana na barabara ya Njombe na Songea. Kaa hapo kwa nusu saa ukihesabu. Utaona Noah na Probox zimejaza abiria. Utaona haisi, kosta, fuso na kenta zenye magunia ya viazi. Malori makubwa yenye matela yanapita kwenda Zambia na Kongo. Pikipiki nyingi ni za India, nazo bajaji ni za India. Tena jambo hili la bajaji linachekesha kidogo, maana Bajaj ni jina la kampuni ya watu wa huko, sisi tumeligeuza likawa jina la chombo chenyewe. Hata reli inayopita hapo, TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, ilijengwa kwa msaada wa China.

Katika hesabu yako, umeona magari mangapi yaliyobuniwa na kutengenezwa na watu wa Afrika ya Mashariki? Pengine utasimama mpaka jua lizame usione hata moja. Walakini si kweli kwamba hakuna aliyejaribu. Wamejaribu wengi.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, hata kama halitakuwa zuri wala la mwendo mkali. Wataalamu wakafanya kazi, na mwaka 1990 wakayaonyesha mbele ya watu magari matano ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer. Yalikimbia. Yaliweza kufika mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Lakini kutoka magari matano ya majaribio hadi maelfu ya kuuza ni safari ndefu sana, na fedha za safari hiyo hazikupatikana. Gari hilo halikuuzwa kamwe.

Kwetu Tanzania, huko Kibaha katika Mkoa wa Pwani, lipo Shirika la Nyumbu, lililo chini ya jeshi letu. Shirika hilo liliundwa rasmi mwaka 1985 ili kukuza ufundi wa magari nchini, nalo lilitengeneza lori lililoitwa Nyumbu. Hapo hapo Kibaha kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania kutoka Sweden. Tena mwaka 2022 mchora katuni anayejulikana sana, Masoud Kipanya, alionyesha jijini Dar es Salaam gari dogo la umeme alilolitengeneza na wenzake. Kwa hiyo akili na mikono ipo. Wala sidhani kwamba mtu yeyote aliyepata kumwona fundi wa Makambako akichomelea bodi la lori lililopinduka, likarudi barabarani, atabisha juu ya hilo.

Sasa tazameni ubaoni. KUTENGENEZA gari maana yake ni kulibuni, kulichora, na kuzifanya sehemu zake. KUUNGANISHA ni kupokea sehemu zilizokwisha fanywa kwingine, zimo katika masanduku, na kuzifunga pamoja mpaka liwe gari. Ni kama tofauti ya kumshona mtu suti na kumfunga vifungo. Kuunganisha si kazi ya kudharau, kwa maana huleta ajira na hufundisha vijana. Lakini mtu akikwambia "tumetengeneza gari", muulize kwanza: injini imetoka wapi? Mabati? Vioo? Gari moja, ukihesabu kila skrubu, lina sehemu kama 30,000. Hata makampuni makubwa hayafanyi zote. Hununua nyingi kwa wengine.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa makini, nao ni wa kampuni ya Mobius huko Nairobi.

Mwingereza mmoja kijana, Joel Jackson, alifika Kenya mwaka 2009 akafanya kazi na wakulima wa miti. Akaona taabu yao ya usafiri: barabara mbovu, mizigo mizito, na magari ya mjini yasiyoweza kupita. Akawaza: kwa nini tusitengeneze gari la Afrika, lenye chuma kigumu, lililoinuka juu, lisilo na mapambo, la bei nafuu? Wazo hilo ni zuri. Mtu wa Lupembe au wa Wanging'ombe aliyepata kukwama katika tope la mwezi wa Machi atalielewa mara moja.

Gari la kwanza lililouzwa, Mobius II, lilianza kuwafikia wanunuzi mwaka 2015 hivi. Bei yake ilitangazwa kuwa shilingi 950,000 za Kenya. Kumbukeni, hizo ni za Kenya, wala si zetu. Kwa gari jipya kabisa, bei hiyo ilikuwa ndogo. Basi kwa nini wananchi hawakupanga foleni?

Mjiweke katika nafasi ya mnunuzi. Ana fedha zake mkononi. Upande huu lipo gari jipya la Mobius, gumu, lakini bila starehe nyingi, na nguvu ya injini inakwenda kwenye magurudumu mawili tu. Upande wa pili, kwa fedha hizo hizo, lipo gari la Toyota lililotumika Japani miaka saba, lenye redio, kipoza hewa na viti laini, na kila fundi mtaani analijua. Mnunuzi akakuna kichwa. Kisha wengi wakachukua Toyota.

Baadaye kampuni ikatoa Mobius II iliyorekebishwa, kwa bei ya shilingi milioni 1.3 za Kenya. Ilipofika mwaka 2021 ikatangaza Mobius III, gari zuri la starehe, kwa bei ya karibu milioni 4. Kwa maoni yangu, hapo kampuni ilikuwa imekwisha liacha shamba ililokuja kulima. Mkulima aliyewaziwa mwanzoni hawezi kununua gari la milioni 4, na mtu wa mjini mwenye milioni 4 anaweza kuchagua jina lolote duniani. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 wenye kampuni wakatangaza kwamba watafunga shughuli kwa sababu ya madeni na mzigo wa kodi. Mwezi ule ule wakatangaza tena kwamba kampuni moja ya Mashariki ya Kati imekubali kuinunua. Hivyo jina halikufa, ila wenye mali walibadilika.

Watu wengi husema kampuni kama hizi huanguka kwa sababu ya uzembe au wizi. Pengine mara nyingine ni kweli. Lakini ipo sababu moja kubwa zaidi, nayo ni hesabu, na twaweza kuifanya hapa hapa darasani.

Andikeni. Tuseme, kwa mfano tu, lori la kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam hukodiwa kwa shilingi 2,000,000. Ukipakia gunia 1 la viazi, gunia hilo limebeba gharama yote: shilingi 2,000,000. Hakuna atakayelinunua. Ukipakia magunia 100, gawanya 2,000,000 kwa 100. Mnapata ngapi? Ndiyo, shilingi 20,000 kwa kila gunia. Lori ni lile lile, dereva yule yule, barabara ile ile. Lililobadilika ni wingi wa magunia.

Kiwanda cha magari ni kama lori hilo. Kabla gari la kwanza halijatoka mlangoni, kiwanda kimekwisha nunua mashine, kimelipa wachoraji, na kimefanya kalibu. Kalibu ni umbo la chuma kizito la kukandamizia bati mpaka liwe mlango au boneti, kama vile mfyatua matofali anavyotumia kibao chake, ila kalibu ya gari ni ya bei kali sana. Tuseme gharama hizo zote ni shilingi bilioni 50, yaani 50,000,000,000. Sifuri ni kumi, zihesabuni. Kiwanda kikiuza magari 500 tu, kila gari linabeba shilingi 100,000,000 za mzigo huo, hata kabla ya kununua tairi moja. Kikiuza magari 50,000, kila moja linabeba 1,000,000. Kikiuza 500,000, kila moja linabeba 100,000 tu. Nambari hizi ni za mfano, lakini njia ya hesabu ndiyo hiyo hiyo kila mahali.

Toyota, pamoja na makampuni yaliyo chini yake, huuza zaidi ya magari milioni 10 kwa mwaka mmoja. Lori lake limejaa mpaka juu. Kampuni changa ya Nairobi, Kampala au Kibaha inaanza safari na magunia mawili.

Kuna jambo lingine, tena mimi naliona kuwa kali kuliko hilo. Mshindani wa kweli wa gari letu jipya si gari jipya la Japani, ni lile lililokwisha tumika. Huko Japani magari hukaguliwa na serikali kila baada ya muda, na ukaguzi huo unagharimu fedha. Gari likizeeka, mwenyewe huona afadhali aliuze. Nao Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani ukiwa kulia, kama sisi. Basi gari hilo linapakiwa melini linakuja Dar es Salaam au Mombasa. Mzigo wa kalibu na mashine, ule tuliouhesabu, ulikwisha lipwa na Mjapani aliyelinunua jipya. Mnunuzi wa Makambako analipia mabaki ya thamani, nauli ya meli na kodi. Kiwanda kichanga kitashindanaje na bidhaa ambayo mtu mwingine amekwisha ilipia gharama?

Hapa mtu mmoja darasani huenda akainua mkono na kusema, "Lakini kodi ni kubwa, Mwalimu." Ni kweli. Gari la kawaida likitoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ipo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na gari likizidi umri fulani huongezewa ushuru wa uzee wake. Hata hivyo watu bado wananunua.

Sababu iko katika lile neno la tatu ubaoni: VIPURI. Mtu anaponunua gari ananunua pia fundi, na duka la vipuri, na mtu atakayelinunua gari hilo kwake baadaye. Fikiria dereva aliyebeba parachichi, beringi ya gurudumu imekufa katikati ya Njombe na Makambako, saa mbili usiku, na baridi mnaijua ninyi. Ikiwa gari lake ni Toyota, kesho asubuhi kipuri kitapatikana Makambako. Ikiwa ni gari ambalo yapo 200 tu duniani, atasubiri kipuri kije kwa basi kutoka mbali, pengine wiki nzima, na parachichi hazimngoji mtu. Mnunuzi huyo akilikataa gari la nyumbani, tusimwite adui wa nchi. Anahesabu mzigo wake.

Sasa twende India, maana mambo tunayoyauliza sisi leo, wao waliyauliza zamani.

Kwa miaka mingi India iliufunga mlango. Magari ya nje hayakuingia kwa urahisi, na makampuni machache tu ya nyumbani yaliruhusiwa kutengeneza. Moja lilikuwa Hindustan Motors, lililotoa gari la Ambassador kuanzia miaka ya 1950 hadi mwaka 2014. Umbo la gari hilo lilitokana na Morris Oxford ya Uingereza, na kwa zaidi ya nusu karne lilibadilika kidogo tu. Watu walingoja miaka kabla ya kupata gari jipya. Kwa nini kampuni ibadili kitu, hali mnunuzi hana pa kwenda? Mwuza chumvi akiwa peke yake kijijini hapimi kwa mizani iliyo sawa.

Mwaka 1981 serikali ya India ikaunda kampuni ya Maruti, na baadaye ikashirikiana na Suzuki wa Japani. Mwezi wa Desemba mwaka 1983 gari dogo la Maruti 800 likatoka. Siri yake haikuwa gari peke yake. Mkataba ulidai kwamba mwaka hadi mwaka sehemu nyingi zaidi zitengenezwe ndani ya India. Basi vikazuka viwanda vidogo vya beringi, vya taa, vya breki, vya nyaya. Mlango ulipofunguliwa zaidi baada ya mwaka 1991, na makampuni ya Korea, Marekani na Ulaya yakaingia, India ilikuwa tayari na mafundi na vipuri.

Tata nayo ilianza mwaka 1945, ikafanya vichwa vya treni, kisha malori, na ilipofika mwaka 1998 ndipo ikatoa Indica, gari dogo lililobuniwa India kwenyewe. Hesabuni: kutoka 1945 hadi 1998 ni miaka mingapi? Ni 53. Hata baada ya hapo haikuwa rahisi. Mwaka 2008 Tata ilionyesha Nano, gari lililoahidiwa kuwa la bei ndogo kuliko yote, rupia 100,000. Mkuu wa kampuni aliwaza juu ya baba anayempakia mama na watoto wawili katika pikipiki moja kwenye mvua. Kiwanda kikapingwa na wakulima kwa sababu ya ardhi, kikahamishiwa jimbo jingine. Baadhi ya magari yakashika moto. Tena neno lile "gari la bei ndogo kuliko yote" likawa aibu; mtu anayejinyima miaka mitano ili anunue gari hataki majirani wamwone ndani ya gari la maskini. Mwaka 2018 utengenezaji ukaisha. Lakini Tata haikufa kwa sababu ya Nano. Ilikuwa na malori, mabasi na magari mengine ya kuibeba, na sasa ni miongoni mwa wakubwa wa magari ya umeme huko India. Mobius haikuwa na kitu kingine cha kuegemea.

Tena kumbukeni tofauti hii: India huuza zaidi ya magari mapya milioni 4 ya abiria kwa mwaka. Kwetu Afrika ya Mashariki magari mapya ni machache mno, kwa kuwa wengi wetu twanunua yaliyotumika. Kwa hiyo mtu asiseme tu, "India waliweza." Lori lao lilikuwa na magunia ya kupakia.

Sasa nataka mlitafakari jambo moja ambalo huzungumzwa kwa maneno makubwa mijini, lakini gharama yake hulipwa vijijini. Wako watu wanaosema: serikali na ipandishe ushuru wa magari yaliyotumika, au iyakataze kabisa, ndipo kiwanda cha nyumbani kitakapokua. Wana hoja. Mche wa parachichi nao huzungushiwa uzio mpaka ukomae, mbuzi wasiule.

Lakini nani anaununua uzio huo? Gari likipanda bei, nauli ya haisi ya kutoka Uwemba kuja Njombe mjini itapanda. Mwenye fuso ataongeza bei ya kubeba viazi. Mchuuzi hatakubali kupungukiwa, naye atarudi shambani kumpunguzia mkulima, au atadai lumbesa kubwa zaidi. Hivyo mama anayelima viazi Uwemba ndiye atakayekuwa anachangia kiwanda cha magari, hata kama hatapanda gari lake maisha yake yote. Mimi sisemi asichangie. Barabara alichangia, na shule pia. Nasema ana haki ya kuuliza: nachangia kwa miaka mingapi? Kiwanda kitaonyesha nini kila mwaka? Na kisipoonyesha, uzio utaondolewa lini? Wahindi wa zama za Ambassador hawakuulizwa maswali hayo, wakalipia uzio kwa miaka 30 na zaidi.

Uganda wamechagua njia nyingine, nami naiona ina busara. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitengeneza gari dogo la umeme, Kiira EV, likaendeshwa mbele ya watu mwaka 2011. Lilifuatwa mwaka 2014 na gari jingine la abiria. Lakini kampuni ya Kiira, ambayo ni ya serikali, ikageukia mabasi. Mwaka 2016 ikaonyesha basi la Kayoola lenye vibao vya nguvu ya jua juu ya paa, kisha mabasi ya umeme, na kiwanda kikajengwa Jinja.

Kwa nini mabasi? Basi hununuliwa na shirika au serikali, si na mtu mmoja mmoja anayejali jirani atasema nini. Mnunuzi mmoja aweza kuagiza mengi. Mabasi hurudi kituo kile kile kila jioni, kwa hiyo fundi na vipuri vikikaa kituoni, vimewafikia wote. Tena gari la umeme halina injini ya mafuta, ambayo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuitengeneza. Lina mota, betri na nyaya. Hapo kampuni changa inaingia mlango ambao hata wakubwa wameuingia juzi juzi tu. Walakini betri nyingi hutoka China, nazo ndizo zenye bei. Kwa hiyo hata Kiira haijaachana na masanduku ya nje.

Kabla sijamaliza, siwezi kuzungumza na watu wa Njombe juu ya magari nisitaje Liganga. Wote mnajua kwamba katika wilaya ya Ludewa kuna chuma huko Liganga na makaa ya mawe huko Mchuchuma. Wataalamu wamekadiria chuma cha Liganga kuwa tani milioni 126, na makaa ya Mchuchuma kuwa tani milioni 428. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili kuyachimba, na miaka mingi ikapita watu wakingoja. Nimepata kusikia mara nyingi: "Chuma tunacho, kwa nini tusitengeneze magari?"

Jibu ni kwamba jiwe la chuma na bati la mlango wa gari vimeachana kama mbegu ya ngano na mkate. Jiwe linayeyushwa, madini mengine yaliyochanganyika nalo yanatolewa, chuma kinafanywa pua, pua inapondwa kuwa bati jembamba lenye unene ule ule kila mahali. Kiwanda cha bati la namna hiyo kinahitaji wanunuzi wengi sana, tena tunarudi kwenye hesabu ya lori. Chuma cha nondo, cha reli, cha majembe na cha bodi za malori kitapata wanunuzi mapema zaidi. Na hilo si jambo dogo. Matela yanayopita Makambako kila siku yakifungwa springi, vyuma na bodi zilizofanywa nchini, mafundi wengi watapata kazi kabla hatujauza gari hata moja lenye jina letu. Mimi naamini mlango wetu uko hapo, katika vipuri, bodi, matela, mabasi na bajaji za umeme. Gari dogo la familia naliweka mwisho, kwa kuwa hapo ndipo Mjapani wa mtumba anaposhinda kwa urahisi zaidi.

Sasa kazi ya kikundi. Mwalimu, wape watu dakika ishirini.

Kikundi chenu kina shilingi 30,000,000 za kununua gari la kubeba viazi. Mmeletewa magari mawili. La kwanza ni jipya, limeunganishwa nchini, bei yake 28,000,000. Likiharibika, kipuri hutoka mbali na gari husimama siku 6. La pili limetumika, bei yake 30,000,000. Likiharibika husimama siku 1. Yote mawili huharibika mara 5 kwa mwaka, na kila siku ya kusimama mnapoteza shilingi 150,000. Pigeni hesabu ya mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili. Halafu mwenye kiwanda anakuja kwenu na ahadi: ataweka duka la vipuri Makambako, ili gari lisimame siku 2 tu. Pigeni hesabu upya. Kila mtu aandike katika daftari atanunua gari gani, na aandike pia ni maswali gani angemwuliza mwenye kiwanda kabla ya kumpa fedha. Asiyeweza kuandika sentensi nzima aandike nambari na neno moja, na jirani amsaidie.

Majibu yenu mwalimu atayasoma mbele ya darasa mtakapokutana tena. Kwaherini.